Mwanao akijikata, kiboko si dawa

MAMA mmoja mkazi wa mtaa wa Donholm hapa Nairobi aliniletea barua majuzi, kurasa tatu za daftari zilizoandikwa pande zote mbili. Bintiye ana umri wa miaka 14, yuko gredi ya nane. Ni mtoto mtulivu, anaandika mama huyo, hana marafiki wabaya, harudi nyumbani usiku, na masomo yake si mabaya. Kilichomshtua kwanza ni sweta. Jua la Februari linachoma, watoto wa jirani wanashinda na fulana, lakini huyu sweta haimtoki mwilini hata akiosha vyombo. Siku moja maji yakailowesha. Mama akamwambia aivue, mtoto akakataa. Ndipo akamshika kwa nguvu na kumpandisha mkono wa sweta hadi kwenye kiwiko.

Nadhani, msomaji, umekwisha kubashiri alichokiona. Zilikuwa alama za kujikata, nyingine zimepona zamani, nyingine za wiki ile ile.

"Dada," anaandika, "nilimpiga. Nilimpiga huku mimi mwenyewe nalia. Kisha nikampeleka kwa mchungaji, akaombewa. Haikupita wiki mbili nikaona alama mpya, mahali pengine ambapo hakudhani ningepaona. Sasa niambie, mwanangu anataka kufa? Na kama hataki kufa, anataka nini?"

Nilikuwa nimewaahidi kwamba leo tutawazungumzia waume wanaowaficha wake zao mishahara. Mada hiyo itangoja (waliokuwa na wasiwasi wapumue). Barua hii sikuweza kuiweka kando, na nitaijibu hapa hapa kwa sababu najua wako wazazi wengine wengi wanaolala na swali lilo hilo.

La, mama. Mara nyingi mtoto wa namna hii hatafuti kifo. Anatafuta nafuu. Najua jibu hili linasikika kama kichekesho, maana ni nafuu gani hiyo ya kujitia kidonda? Lakini mzazi akilikosa hili, kila atakalolifanya baadaye, hata kwa upendo, litamwongezea mtoto mzigo.

Kabla sijaendelea, wacha nikiri jambo. Mwaka wa 2006 nilikuwa kidato cha pili katika shule moja ya bweni ambayo sitaitaja. Mimi nililala kitanda cha juu, na cha chini alilala msichana mmoja mpole aliyejua hesabu kupita wote darasani. Matroni alipogundua jinsi mikono yake ilivyo, habari zikamfikia naibu wa mwalimu mkuu, na Jumatatu asubuhi gwarideni msichana huyo akaitwa mbele na kuamriwa akunje mikono ya shati shule nzima ione. Akachapwa, ijapokuwa viboko vilikuwa vimepigwa marufuku katika shule za Kenya tangu 2001. Kule bwenini sisi tukaanza kunong'ona kwamba ameingizwa katika ibada ya shetani. Uvumi wa aina hiyo hatukuubuni sisi. Nchi hii iliwahi hata kuundiwa tume na Rais Moi mnamo 1994 kuchunguza ibada ya shetani, na wengi wetu tulilelewa katika hofu hiyo. Nilihamisha godoro langu nikalipeleka upande wa pili wa bweni. Muhula uliofuata msichana yule hakurudi, na hadi leo sijui aliko.

Kwa hiyo msidhani naandika kama mtu aliyezaliwa akiyajua haya. Nimeyajua baadaye, kwa kusoma na kwa kuwauliza wanaoifanya kazi hii, na kila nilipojifunza jambo jipya nilikuwa nikikumbuka lile godoro.

Wataalamu wa akili hulitenga tendo la kujiumiza makusudi bila nia ya kufa na lile la kujaribu kujiua. Kwa miaka mingi kujiumiza kulikuwa kukitajwa tu kama dalili ya ugonjwa mwingine. Madaktari wa akili wa Marekani walipotoa toleo la tano la kitabu chao cha kuainisha magonjwa ya akili mnamo 2013, walilipa jambo hili nafasi yake lenyewe, miongoni mwa hali zinazohitaji kuchunguzwa zaidi. Na wala si jambo la nadra. Mwaka wa 2014 watafiti waliokusanya hesabu za tafiti nyingi kutoka nchi mbalimbali waliona kwamba vijana wapatao 17 katika kila 100 walikuwa wamejiumiza namna hii angalau mara moja. Aghalabu huanza wakiwa na umri wa kati ya miaka 12 na 14. Atakayeniambia hizo ni hesabu za ng'ambo nitamjibu hivi: zikate nusu. Bado katika darasa la watoto 50 utabaki na wanne. Je, mwalimu, unawajua wanne wako?

Sasa turudi kwenye ile nafuu.

Chukua mfano wa mtoto aliyetoka shuleni ambako wenzake wamemtenga. Anafika nyumbani, anakuta baba na mama hawasemezani, leo ni wiki ya pili. Moyoni ana hasira, aibu na huzuni kwa pamoja, na hana maneno ya kuvitaja. Kumbuka kwamba katika nyumba zetu nyingi mtoto akilia huambiwa anyamaze, akikasirika huambiwa hana adabu, na akinyamaza huambiwa ananuna. Hisia zile zitatokea wapi? Zinajaa ndani kama mvuke katika sufuria iliyofungwa kifuniko.

Mwili nao una tabia yake. Maumivu ya ngozi yanapokoma, mtu hupata utulivu wa ghafla, na utulivu huo hauchagui. Hupoza maumivu ya mwili na pia ya moyo. Ubongo wa mtoto hujifunza upesi: nilikuwa nachemka, nikafanya hivi, nikatulia. Kesho kutwa akichemka tena atarudi pale pale, kama vile mtu mzima anavyokimbilia sigara au chupa. Lakini nafuu yenyewe ni ya muda mfupi. Nyuma yake huja aibu, na aibu hiyo ikizidi huwa ndiyo sababu ya kurudia. Mama akiongeza kichapo juu yake, ameongeza moto chini ya sufuria ile ile.

Mnamo 2004 watafiti Matthew Nock na Mitchell Prinstein waliwauliza vijana waliokuwa wamelazwa katika hospitali ya akili huko Marekani kwa nini walikuwa wakijiumiza. Sababu iliyotajwa zaidi ni hiyo: kuzizima hisia mbaya. Wako waliosema kinyume chake, kwamba walikuwa wamekufa ganzi moyoni na walitaka wahisi chochote, hata kama ni uchungu. Wachache walitaja watu, ama walitaka mtu fulani ajue hali yao, ama walitaka kuepuka jambo walilokuwa wakilazimishwa.

Hapo ndipo penye lile neno ambalo walimu na mashangazi wanalipenda sana: "Anatafuta kuonekana tu." Neno hili huniudhi. Mtoto anayetafuta kuonekana havai sweta juani. Wengi wao huficha kwa miezi, wengine kwa miaka, na hutunga uongo kuhusu paka na waya wa nyua. Na hata yule mmoja anayetaka aonekane, jamani, si ni haki yake kuonekana? Kinachofaa kumshughulisha mzazi ni kwa nini mtoto wake alikosa njia nyingine yoyote ya kusema "niangalieni".

Isidhaniwe basi kwamba jambo hili ni dogo. Nimesema hatafuti kifo, lakini sikusema hakuna hatari. Kijana anayejiumiza yuko katika hatari kubwa kuliko wenzake ya kuja kujaribu kujiua siku za usoni, hasa akiwa na sonona, akiwa amewahi kunajisiwa au kudhulumiwa, au akiwa amekata tamaa kabisa. Kwa hiyo ni lazima aulizwe. Mwulize waziwazi: "Je, kuna wakati unatamani kufa? Umefikiria kujitoa uhai?" Wazazi wengi huogopa kwamba wakilitaja neno hilo watamtia mtoto wazo ambalo hakuwa nalo. Haiwi hivyo. Wanaofanya kazi hii wanakubaliana kwamba kuuliza hakupandi wazo, na mara nyingi mtoto hushusha pumzi kwa kuwa hatimaye kuna mtu mzima aliyethubutu kulisema. Akijibu kwamba ndiyo, anataka kufa, au ana mpango, usimwache peke yake hata kwenda msalani kwa muda mrefu, na mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Ni hivyo hivyo akiwa na kidonda kirefu au akiwa amemeza kitu chochote. Hapo hakuna cha kungoja asubuhi.

Lakini tuseme hayuko katika hali hiyo. Umegundua leo jioni, moyo unakudunda, na mkono tayari unatafuta mwiko. Ufanye nini?

Kwanza toka nje. Ndiyo, toka wewe, mzazi. Nenda ukasimame kwenye balkoni au pale penye mabomba ya maji mpaka pumzi zikurudie. Mtoto wako atakumbuka uso wako wa dakika ile ya kwanza kwa miaka mingi. Ukirudi, keti karibu naye, usisimame juu yake kama askari. Ikiwa kuna kidonda, kitunze kama ambavyo ungetunza kidonda cha mtoto aliyeanguka kwenye baiskeli, bila hotuba. Halafu sema machache. "Nimeona, mama. Sijakasirika. Nadhani kuna jambo linalokuumiza sana, nami nataka kulijua, hata kama si leo." Kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kunakowashinda wazazi wa Kenya. Tunauliza swali, kabla hajafungua kinywa tumeshajibu wenyewe, tumetoa na mfano wa jinsi sisi tulivyokwenda shule bila viatu.

Usimwapishe. "Niahidi hutarudia" ni ahadi ambayo hataweza kuitimiza, na akishindwa atakuficha zaidi. Usimkague mwili kila usiku kama mshukiwa. Usilipeleke jambo kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, maana kufikia Ijumaa hata shangazi wa Kitale atakuwa amempigia simu kumkemea. Hata hivyo, kimya kimya, punguza vitu vya hatari nyumbani, na dawa zote zifungie mahali wewe pekee unapopajua. Na kama unataka kuomba naye, omba. Sina ugomvi na maombi, wala na mchungaji au imamu anayejua kusikiliza. Ninachokataa ni mtoto kuambiwa mbele ya watu kwamba ana pepo, kwa kuwa hapo tumempa aibu mpya na hatujamwondolea hata uchungu mmoja.

Akina baba na akina mama wa wavulana, msifikiri mmepona. Wavulana hawajiumizi sawasawa na wasichana. Wengi hupiga ukuta kwa ngumi, au hujipiga wenyewe, nasi tunasema "kijana ana hasira huyu" tukaishia hapo. Mkono uliovimba kila mwezi pia ni barua, isomeni.

Baada ya nyumbani ni tiba, na hapa kuna habari njema ambazo si wazazi wengi wamezisikia. Tiba iliyoonyesha matokeo mazuri zaidi kwa vijana wa namna hii ni ya mazungumzo na mafunzo, iliyobuniwa na Marsha Linehan, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, Marekani. Kitabu chake kikuu kuhusu tiba hiyo kilitoka 1993. Jambo ambalo wengi hawakulijua hadi alipolitoboa mwenyewe hadharani mnamo 2011 ni kwamba alipokuwa na umri wa miaka 17, mwaka wa 1961, alilazwa katika hospitali ya akili huko Hartford kwa sababu alikuwa akijiumiza vibaya. Alirudi katika hospitali hiyo hiyo kuisema habari yake. Nawaambia haya makusudi, kwa ajili ya yule msichana anayesoma ukurasa huu akiwa amevaa mikono mirefu.

Tiba ya Linehan haianzi kwa kumlaumu mgonjwa wala kwa kumwambia aache mara moja. Mshauri hukubali kwamba uchungu wake ni wa kweli, kisha humfundisha njia nyingine za kuupitisha. Kuna mafunzo ya kutambua kinachoendelea ndani yako sasa hivi, ya kuvumilia dhiki bila kuizidisha, ya kutawala hisia, na ya kuelewana na watu bila kuwapigia magoti wala kuwapigia kelele. Alec Miller na Jill Rathus waliigeuza tiba hiyo ifae vijana, na katika toleo hilo mzazi naye huingia darasani. Naona hili ndilo lenye busara kuliko yote, kwa kuwa hakuna faida ya kumfundisha mtoto kusema "nimeumia" kisha umrudishe katika nyumba ambayo hakuna ajuaye kulijibu neno hilo.

Mjini Oslo, Norway, watafiti waliwagawa vijana 77 waliokuwa wakijiumiza mara kwa mara. Wengine wakapewa tiba hii kwa majuma 19, wengine wakapewa matunzo ya kawaida yaliyoboreshwa. Matokeo yalitolewa 2014: waliopata tiba hii walipunguza kujiumiza zaidi ya wenzao, na sonona yao pia ilipungua.

Baadhi ya mbinu hizo unaweza kuanza nazo jikoni kwako. Hamu ya kujiumiza ni kama wimbi, hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka, na mara nyingi haichukui muda mrefu. Kazi ni kulipita wimbi. Kunawa uso kwa maji baridi sana na kuuzamisha kidogo hupunguza mapigo ya moyo. Kutembea kwa kasi au kupanda na kushuka ngazi za ghorofa huumaliza ule mvuke. Kupumua polepole, pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia, hutuliza. Mtoto na mzazi wakubaliane ishara, pengine ujumbe wa neno moja kwenye simu, kwamba wimbi limekuja na anahitaji mtu wa kuketi naye. Wimbi likishapita, siku ya pili, ndipo mnaweza kurudi nyuma pamoja: lilianzia wapi? Nani alisema nini? Ulikuwa umekula? Ulikuwa umelala? Utashangaa mara ngapi jibu ni usingizi.

Kuhusu vidonge, wengi huuliza. Hakuna dawa ya kumeza ya kuponya kujiumiza kwenyewe. Mwongozo wa Uingereza wa 2022 kuhusu jambo hili unawaambia madaktari wasitoe dawa kwa ajili hiyo peke yake. Lakini kama mtoto ana sonona au wasiwasi uliopita kiasi, hilo ni jambo la kutibiwa, na daktari ndiye wa kuamua kama dawa zitahitajika.

Kwa Nairobi, Hospitali ya Mathari na Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta zina madaktari wa akili, na hospitali kuu za kaunti nyingi zina kliniki ya afya ya akili hata kama bango lake limefifia. Najua wataalamu ni wachache na foleni ni ndefu. Najua pia kwamba mshauri wa kibinafsi kwa saa moja anaweza kula pesa za mboga za wiki nzima. Uliza wanaofanya mafunzo vyuoni chini ya usimamizi, uliza kanisani, uliza shuleni kama kuna mwalimu wa ushauri nasaha aliyesomea kazi hiyo na si yule aliyepewa tu kwa kuwa somo lake lina vipindi vichache. Simu 116 ya Childline Kenya hailipishwi, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga saa yoyote. Shirika la Msalaba Mwekundu nalo lina nambari ya bure, 1199, kwa wanaohitaji ushauri.

Kuna wazazi waliokuwa wakiogopa hospitali kwa sababu ya polisi, na hawakuwa wajinga. Kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa, na kwa kuwa watu wengi hawatofautishi kujiumiza na kujaribu kujiua, familia zilitibu majeraha nyumbani kwa chumvi na maji moto. Mnamo Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Mpeleke mtoto hospitali.

Kwa walimu nina neno moja tu, na nitalisema bila kuzunguka. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumtendea mwanafunzi unyama au kumdhalilisha, iwe kwa mwili au kwa akili. Kumkunjua mtoto mikono gwarideni ni kumdhalilisha. Isitoshe, ni kulieneza jambo lenyewe, maana kujiumiza huambukizana bwenini, hasa watoto wanapoonyeshana alama au kuelezana namna. Zungumzeni na wote kuhusu huzuni, wasiwasi na mahali pa kukimbilia. Kuhusu vidonda, zungumza na mwenye navyo peke yake, ofisini, mlango ukiwa umerudishwa.

Je, watapona? Huko Victoria, Australia, watafiti waliwafuata wanafunzi karibu 2,000 tangu 1992 hadi 2008, kutoka ujanani hadi utu uzima. Karibu 8 katika kila 100 walikuwa wamejiumiza walipokuwa vijana. Kati ya hao, walipokuwa watu wazima, tisa katika kila kumi walikuwa wameacha. Lakini watafiti hao hao waliona kwamba sonona na wasiwasi wa ujanani viliandamana na kujiumiza ukubwani, kwa hiyo msikae tu mkingojea wakue. Siku za kurudia zitakuwapo. Mtoto anaweza kukaa miezi mitatu salama kisha wiki ya mitihani akateleza. Hiyo si kurudi mwanzo, na usimpokee kana kwamba amekusaliti.

Nilimpigia mama wa Donholm kabla ya kuandika ukurasa huu, tukazungumza karibu saa nzima. Aliniuliza amwambie nini bintiye kuhusu kile kipigo. Nikamwambia amwombe msamaha. Akanyamaza, kisha akacheka kidogo, akasema kwao hakuna mzazi aliyewahi kumwomba mtoto msamaha. Nikamwambia hata kwetu.

Jumatano alinipigia yeye. Alikuwa ameingia chumbani, akaketi ukingoni mwa kitanda, akasema maneno mawili matatu aliyokuwa ameyafanyia mazoezi kwenye matatu. Mtoto hakumjibu. Waliketi hivyo hivyo, anasema, mpaka stima zikapotea mtaa mzima. Gizani mtoto akauliza kama kuna mshumaa, na walipouwasha alikuwa amevua sweta. Miadi yao ya kwanza kliniki ni Jumanne.